Sufuria gani kwa mboga gani: alumini ya kiwandani, alumini ya kusubu, stenlesi na chungu

Wifi yangu anafungua hoteli ndogo Arua, Uganda, ya meza nne na mabenchi. Juma lililopita alinipigia simu usiku, pesa ya vyombo ameshaifunga kwenye leso, na usingizi hana. Amesikia kwamba sufuria za alumini zinaleta ugonjwa wa kusahau. "Wifi, niambie neno moja tu, ninunue za aina gani?"

Mimi napika Kampala, karibu na stendi ya mabasi. Wateja wangu ni madereva, wafanyabiashara kutoka Kongo na vijana wa kupakia mizigo. Sufuria nimezipitia za kila namna, na habari hizi nimezifuatilia kwa bidii tangu mama mkwe alipoambiwa figo zake zimechoka. Mama anakaa na wifi huko Arua, kwa hiyo sufuria za hoteli ndizo zitakazompikia na yeye. Neno moja sikuwa nalo. Nikaahidi kumwandikia, na kwa kuwa swali hili wengi wanaliuliza, naliandika hapa ili na wengine wasome.

Sokoni utakutana na vyombo vinne vinavyoshindana: sufuria nyepesi ya alumini ya kiwandani, sufuria nzito ya alumini iliyosubiwa na mafundi, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga, stenlesi, na chungu. Baganda wanaita sefuliya, neno letu sufuria lililohamia kwao likakaa, na ukisema sefuliya muuzaji atakuonyesha alumini tu, zote mbili, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Hapo ndipo penye jambo kubwa kuliko yote nitakayosema, lakini kwanza tuiondoe hofu iliyomnyima wifi usingizi.

Alumini ikiingia mwilini

Alumini hatukuletewa na sufuria. Ni metali iliyo nyingi kuliko zote kwenye gamba la dunia, karibu asilimia 8 ya uzito wake. Imo kwenye udongo, na kutoka kwenye udongo inapanda kwenye mboga na zaidi kwenye majani ya chai, maana mchai ni mmea unaoifyonza sana. Shabu tunayotumbukiza kwenye maji ya tope ili yatulie ni chumvi ya alumini. Dawa nyingi za kiungulia zina alumini ndani yake, nyingi kuliko itakayotoka kwenye sahani ya maharage.

Mtu mwenye afya akiimeza, sehemu isiyofika hata moja katika mia ndiyo inayopenya hadi kwenye damu. Iliyobaki inatoka na choo. Na hicho kidogo kilichopenya, figo zinakichuja na kukitoa na mkojo.

Habari ya ugonjwa wa kusahau, ule wa Alzheimer, ilianza 1965. Watafiti walidunga sungura chumvi ya alumini kwenye ubongo, wakaona nyuzi zimevurugika ndani ya seli za neva. Baadaye ilionekana kwamba nyuzi zile hazifanani na zile za mgonjwa wa Alzheimer, na tangu hapo, baada ya miongo mingi ya uchunguzi, haijathibitishwa kwamba kupikia alumini kunaleta ugonjwa huo. Wifi, hilo liondoe moyoni.

Wapo watu ambao alumini iliwaumiza kweli, na hao ndio wa kuwafikiria. Miaka ya 1970, wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walianza kushindwa kutamka maneno, kuchanganyikiwa, mifupa ikawauma na kuvunjika, wengine wakafa. Maji yaliyotumika kwenye mashine yalikuwa na alumini. Iliingia kwenye damu bila kupitia tumboni, na figo za kuitoa hazikuwa zikifanya kazi. Maji yalipoanza kuchujwa vizuri, maradhi yale yakakoma. Kwa hiyo mtu mwenye figo dhaifu hayuko sawa na dereva wa basi mwenye nguvu zake. Mama asipikiwe vitu vikali kwenye alumini, na dawa ya kiungulia asinunuliwe dukani tu. Daktari wake aambiwe kwanza.

Kwa sisi wengine, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa Shirika la Chakula na Kilimo walikaa mwaka 2011 wakaweka kiwango cha kuvumilika: miligramu 2 za alumini kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa juma. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 120 kwa juma zima. Mtoto wa kilo 12 ana 24 tu. Zishike namba hizo, tutazirudia.

Mstari ndani ya sufuria

Alumini inajilinda. Ikikutana na hewa inajivika ngozi nyembamba usiyoiona kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia metali isiingie kwenye chakula. Ukichemshia maji ya chai siku nyingi, ndani panakuwa peusi. Weusi huo si uchafu. Ni ngozi ileile imekomaa.

Sasa pika malakwang, ile mboga ya majani ya kaskazini mwa Uganda. Majani yale ni machachu, unayachemsha, unamwaga maji ya kwanza, ndipo unatia odi, ule uji mzito wa simsim na karanga zilizosagwa. Ukimaliza, mimina mboga yote na utazame ndani ya sufuria kabla hujaiosha. Utaona mstari. Juu ya mstari, pale ambapo mboga haikufika, pameusi kama jana. Chini yake pamekuwa peupe, pametakata, panang'aa. Siku ya kwanza nilipouona nilifurahi, nikadhani malakwang imenioshea chombo. Uchachu ulikuwa umeivua sufuria ngozi yake, na ngozi hiyo pamoja na alumini ya chini yake zilikwisha pakuliwa kwenye sahani.

Nyanya nyingi zilizochemka muda mrefu zinafanya hivyohivyo. Ndimu na ukwaju pia, na bushera, kile kinywaji cha nafaka, iliyochachuka ukiilaza humo. Wengi hawajui kwamba magadi nayo yanafanya hivyo, ingawa si machachu: alumini haipatani na uchachu wala na magadi, na maji ya majivu tunayopikia boo, yale majani ya kunde, ni ndugu wa magadi. Ukiongeza chumvi na kuacha chakula humo usiku kucha, kazi inaendelea wewe umelala.

Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi tunavyosugua. Kwetu mwanamke anasifiwa kwa sufuria zake. Zinaanikwa juani kwenye uchanja, na mgeni akipita anaona zinamulika kama kioo. Nimelelewa hivyo, nimesuguishwa kwa mchanga na majivu na waya wa chuma mpaka maji yanakuwa ya kijivu, na ule ukijivu ndio sufuria yenyewe inaondoka. Nje sugua utakavyo, masizi ni masizi. Ndani osha kwa sabuni na kitambaa laini, paache na weusi wake. Najua mashangazi watasema. Waambie ni mimi niliyesema.

Ya kiwandani na ya kusubu

Hapa ndipo ninapotaka wifi asome polepole.

Sufuria ya kiwandani inatengenezwa kwa bamba la alumini lililokandamizwa. Ukuta wake ni mwembamba na sawa pande zote, ndani ni laini, ukingo umekunjwa vizuri, na mara nyingi utakuta jina la kiwanda limegongwa kwenye kitako. Ya kusubu ni nene na nzito, rangi yake ya kijivu kilichofifia. Ukipitisha kidole ndani unahisi chembechembe na vishimo vidogo vya mchanga wa kalibu, na ukingoni kuna mikwaruzo ya tupa.

Nimesimama Katwe, hapa Kampala, nikitazama zinavyozaliwa. Kijana anasukuma hewa kwenye tanuri la makaa, ndani yake mna chungu cha chuma, na pembeni mlundo wa chakavu: pistoni za pikipiki, vipande vya injini, rejeta, mikebe ya soda yenye rangi zake, fremu za madirisha. Vyote vinaingia. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, haihitaji mtambo mkubwa. Takataka zinaelea juu, anazikwangua kwa upawa, kisha anamimina kwenye kalibu ya mchanga mweusi. Moshi unatoka, naye hana hata kitambaa puani. Ni kazi ya ustadi mkubwa, inalisha nyumba nyingi, na sufuria zake zinabeba posho, yaani ugali, ya watu mia bila kupinda. Sisemi haya kuwadharau mafundi wetu. Moshi ule wanauvuta wao kabla mimi sijanunua sufuria.

Lakini rejeta zina risasi, ile metali yenye sumu, kwenye viungo vyake. Mabaki ya betri na ya vifaa vya umeme yana risasi. Chakavu ikichanganywa, risasi inaingia kwenye sufuria, na hakuna jicho wala ulimi utakaoitambua.

Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Walichemsha siki iliyozimuliwa ndani yake kwa saa mbili, wakapima kilichotoka kwenye kila kikombe cha mililita 250. Wastani wa alumini ulikuwa miligramu 125 kwa kikombe. Rudi kwenye namba zetu: hiyo inazidi nafasi ya juma zima ya mtu wa kilo 60, kwenye kikombe kimoja. Kipimo kilikuwa kikali, ni kweli, maharage hayachemki kwenye siki. Malakwang na mchuzi wa nyanya navyo vina uchachu, hata hivyo. Na vyombo 15 kati ya 42 vilitoa risasi ya kufika mikrogramu moja au zaidi kwa kikombe. Kadimiamu na aseniki, ambazo nazo ni sumu, pia zilionekana. Chombo kimoja kutoka Vietnam kilitoa mikrogramu 33 za risasi mara ya kwanza, 1,126 mara ya pili, 1,426 mara ya tatu. Kwa hiyo ule ushauri wa "ichemshie maji mara tatu itatakata" hauwezi kukuokoa na risasi.

Weka risasi na alumini kwenye mizani uone. Alumini unaimeza nyingi, inapenya kidogo mno, na figo nzima zinaitoa. Risasi unaimeza kidogo, lakini mtoto anaifyonza mara nne au tano kuliko mtu mzima, inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, na mama akishika mimba inatoka kwenye mifupa yake na kumfikia mtoto tumboni. Inapunguza akili ya mtoto, na kilichopungua hakirudi. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au ya kalsiamu anaifyonza zaidi, yaani tunaowalisha vibaya ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mimi niliinunua ya kusubu mwaka ule nilipoanza kazi, kwa sababu ilikuwa nzito na posho haikuungua. Baada ya miezi ndani pakaota vishimo vyenye unga mweupe, na mwiko ukawa unakwangua chembe. Niliipikia nyanya kila siku. Niliwapikia na wanangu, wakati huo mdogo alikuwa ananyonya. Sufuria hiyo sikuwahi kuipima, na sitajua ilikuwa na nini. Ndiyo sababu nakwambia mapema.

Kati ya hizi mbili, basi, sina mashaka: kwa chakula, ya kiwandani. Tafuta jina la kiwanda na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na ukiona ndani pana vishimo, hata kama bei ni ya huruma, iache.

Stenlesi

Stenlesi haijali nyanya wala malakwang wala magadi. Mboga ikilala humo, hakuna mstari asubuhi. Sufuria mpya inatoa nikeli na kromiamu kidogo, hasa mara chache za mwanzo ukipikia vitu vichachu, kisha inatulia. Kwa mtu mwenye mzio wa nikeli, yule anayetoka vipele akivaa hereni za bei rahisi, hilo ni jambo. Kwa wengine si la kuwanyima usingizi. Pikia maji yenye nyanya chakavu mara kadhaa umwage, halafu anza kazi.

Taabu yake ni mbili. Bei ya moja inakununulia alumini kadhaa. Na haipitishi joto vizuri. Alumini inapitisha zaidi ya mara kumi. Ukiiweka stenlesi nyembamba juu ya sigiri yenye makaa yaliyokolea, katikati panaungua na pembeni pamepoa. Karanga za kusaga ndizo zinazoungua mbele ya zote, na mchuzi wa karanga ulioungua hauokoki. Inunue yenye kitako kinene cha tabaka mbili au tatu, igonge kwa kucha, isilie kama bati. Sumaku haikusaidii kujua, maana stenlesi nzuri nyingi hazivutwi na sumaku, kama alumini.

Chungu, na vingine kwa kifupi

Chungu chetu cha udongo, kisichopakwa rangi wala vanishi ya kung'aa, kwa mboga chachu ni bora kabisa. Maharage ya chungu yana ladha ambayo sufuria haiwezi kuitoa, na kinashika moto muda mrefu ukishaondoa makaa. Kinapasuka, hilo kila mtu anajua, na kwa hoteli yenye vijana wanaokimbizana jikoni kitadumu juma moja. Cha kupakwa rangi ya kung'aa usipikie, kwa kuwa rangi nyingine zina risasi, nasi tunaikimbia risasi.

Sufuria ya chuma cha kusubu ni nzito na inashika kutu, lakini inatoa madini ya chuma kwenye chakula. Ethiopia, kwenye utafiti uliochapishwa 1999, watoto waliopikiwa kwenye sufuria za chuma waliongezeka damu kuliko waliopikiwa kwenye alumini. Ukiipata, pikia mboga za majani. Ya enameli ni salama mpaka ikibanduka. Kikaango cha kutoshika chakula sikitaki karibu na makaa: mpako wake unaanza kuharibika kwa nyuzi 260 hivi, na sigiri inapita hapo bila shida.

Na kuna kavera. Tunahangaika na sufuria, halafu juu ya wali tunafunika mfuko wa plastiki ili mvuke usitoke. Majani ya ndizi yapo. Tumia majani.

Kwa hiyo, wifi

Usinunue seti. Nunua kwa kufuata chakula.

Matoke yanapikwa kwa mvuke ndani ya majani, sufuria hayaigusi. Alumini ya kiwandani inatosha. Posho, wali, maji ya chai, viazi: alumini ya kiwandani, kubwa, tena itapika haraka na kukuokolea makaa, na makaa ndiyo yatakayokula faida yako kuliko kitu kingine. Maharage bila magadi na bila nyanya, hiyohiyo. Nyanya zikaange pembeni uzitie mwishoni.

Malakwang, mchuzi wa nyanya, samaki wa ndimu, boo ya magadi: stenlesi. Zikiwa mbili tu za ukubwa wa kati zinatosha kuanza. Pesa ikibana, nunua moja, na hiyo moja iwe ya mchuzi, si ya posho. Wengi wanafanya kinyume, wanaitunza stenlesi kwa ajili ya wali wa wageni, na nyanya zinachemka kwenye alumini kila siku.

Uji wa mtoto nao uwe kwenye stenlesi, kasufuria kadogo kasikoguswa na mwingine. Hapo sitaki tujadiliane bei.

Kinachobaki jioni kihamishie kwenye bakuli la kauri au la plastiki la chakula kikishapoa. Kisilale kwenye alumini.

Mama mpikie kwenye chungu. Wafinyanzi huko wapo, nawe jikoni la nyumbani halina fujo. Chumvi yake unajua mwenyewe daktari alivyosema.

Ile sufuria nzito uliyorithi kwa shangazi, yenye mikwaruzo ya tupa ukingoni, usiitupe na usimpe jirani akapikie. Ni imara, itakubebea makaa na majivu miaka ishirini. Toboa kitako chake kwa msumari, ili asitokee mtu wa kuirudisha mekoni siku ambayo haupo.